Cheni ya Ajuza

Jumanne, 4 Machi

Mvua ya kwanza ya msimu imenyesha usiku kucha, na asubuhi Ajuza ameamka na kikohozi.

Ajuza ni gari letu, basi dogo la zamani ambalo lilikuwa limeshapita kilomita laki nne kabla sijaolewa katika nyumba hii. Baadaye mita ikakwama, kwa hiyo umri wake halisi anaujua Mungu peke yake. Injini yake iko chini ya viti vya mbele. Ukikaa mbele, umeikalia. Na anayekaa mbele siku zote ni Mama, mama mkwe wangu, ambaye kila Jumanne na Ijumaa hupelekwa hospitali kusafishwa damu kwa mashine, maana figo zake zimegoma kazi.

Dereva ni wifi yangu. Alipowasha, nikasikia krrrr, kama mtu anatikisa debe la misumari, halafu kimya. Mimi nilikuwa mlangoni na mswaki mdomoni.

"Umesikia hiyo?" nikamwuliza.

"Nimesikia nini? Kateme povu kwanza, wifi."

Aliyenijibu ni Mama, kutoka kitini kwake. "Limekohoa. Nimelisikia makalioni."

Jumatano, 5 Machi

Mvua. Gereji ninakofanya kazi tumefunga breki kutwa nzima. Mikono yangu ilikuwa kule lakini masikio niliyaacha nyumbani.

Ijumaa, 7 Machi

Leo nimewahi kabla hawajaondoka. Nikainua kiti, nikaweka ncha ya bisibisi ndefu kwenye kava la mbele la injini, mpini nikaubana sikioni, nikamwambia wifi awashe. Nimesikia kila kitu. Ni cheni ya taimingi.

Cheni hiyo ndiyo inayofunga ndoa kati ya krenki, mhimili wa chini unaozungushwa na pistoni, na kemshafti, mhimili wa juu unaofungua valvu, ili pistoni ikipanda, valvu ziwe zimeshajiondokea. Ikichakaa inarefuka, inalegea, inapigapiga kuta. Siku ikiruka meno, pistoni na valvu zinakutana uso kwa uso na habari ya injini inaishia hapo.

Najua natakiwa kuogopa. Nimefurahi mpaka naona haya. Tangu nijifunze ufundi, kazi ya cheni nimeifanya nikiwa mshika taa, mpokea spana, mtu wa "nipe kumi na mbili". Sijawahi kuifanya kwa mikono yangu toka bolti ya kwanza hadi ya mwisho. Usiku huu nazungusha krenki ndani ya kichwa changu badala ya kulala.

Wifi hakufurahi. Alikuwa anafuta usukani kwa kitambaa chenye manukato, na glavu zake za mpira mkononi. Dereva gani anavaa glavu kama daktari wa meno? Moyoni namwita Bi Sabuni. Mbele yake namwita wifi, tuishi kwa amani.

Jumanne, 11 Machi

Nimeomba ruhusa, nikaenda nao hospitali ili nimsikilize Ajuza njiani.

Kwenda, Mama hukaa mbele. Kurudi, hulala nyuma kwenye godoro, kwa sababu ile mashine humwacha kama nguo iliyokamuliwa. Teksi haziji kwetu msimu wa mvua. Zikiona kilima chetu cha matope zinageuza. Ni Ajuza tu anayekiweza, na ni wifi tu anayemweza Ajuza, hilo nampa.

Wakati wa kurudi, tukiwa kileleni, injini ikiwa moto kabisa, krrrr ikaja tena. Hapo ndipo nilipojua hali si ya kuchezea, maana wiki iliyopita ilikuwa inakuja asubuhi tu, injini ikiwa baridi. Wifi akakaza usukani. Mama akasema kutoka nyuma:

"Likifa hili, msinitafutie jingine."

"Mama, usiseme hivyo," wifi akajibu.

"Nasema. Alilinunua marehemu baba yenu, nami nimezeeka nalo. Likilala, na mimi nitalala kwangu, mniache na dirisha langu. Nimechoka kubebwa kama gunia."

Daktari alishatuambia bila kuficha: akikosa mara mbili mfululizo, maji yatamjaa mwilini mpaka kwenye mapafu. Mama alikuwepo siku hiyo, alisikia kama sisi. Nikageuka kumtazama. Mama akitania hufumba jicho moja. Leo alikuwa amefumba yote mawili.

Ijumaa, 14 Machi

Nimemweleza bosi wangu wa gereji, mtu mwenye mkono mzuri na ulimi mbaya.

"Hilo gari limekula chumvi nyingi," akasema. "Mzikeni."

"Bosi, nitabadilisha cheni."

"Basi badilisha cheni tu, hayo mengine yaache. Unamvalisha bibi kizee viatu vipya, unataka na meno?"

Ndiyo, nataka na meno. Gia zilizolika zitaitafuna cheni mpya kama panya na mkate. Nikamwambia nitabadilisha vyote: cheni, gia zake, reli za plastiki zinazoiongoza, na tenshena, ile pistoni ndogo inayosukumwa na presha ya oili ili kuikaza. Akasema hana nafasi gereji na wikendi anafunga. Kisha akanitupia chombo chake cha kuvutia puli, lile gurudumu la belti mbele ya injini, bila kuniangalia usoni. Nimekipokea kama cheti.

Nitafanyia nyumbani. Kibanda chetu cha bati kina sakafu ya saruji, tena kikavu kuliko gereji.

Jumapili, 16 Machi

Mume wangu amepiga simu kutoka kambini kwao, wanakojenga barabara. Anasema labda ni petroli chafu tu. Nilimpenda kwa sababu nyingine.

Jumanne, 18 Machi

Wamerudi salama. Nilivuta kijiti cha oili, nikakipangusa kwa kitambaa nilichokikuta kitini. Kumbe ni kile cha manukato. Wifi akanipokonya, akafungua mdomo wa kunisomea, halafu akakitazama vizuri. Oili ilikuwa inameremeta.

"Hivi vinavyong'aa ni nini?"

"Ni cheni na gia. Vinasagana."

Akakikunja kitambaa, akauliza, "Lakini oili si imejaa? Kama oili ipo, kwa nini chuma kisagane?"

"Uzee, wifi. Chuma nacho kinazeeka."

Hakuridhika, nilimwona. Mimi nilijiona mwalimu.

Jumatano, 19 Machi

Muuza spea ni mtu wa maneno matamu. "Dada, chukua cheni peke yake, mengine yatavumilia." Kila mtu anataka Ajuza avumilie. Nimeagiza seti nzima. Inatoka mbali, inakuja kwa lori.

Jumanne, 25 Machi

Maji yamekata barabara kuu. Lori limekwama upande wa pili. Ajuza amekohoa akipanda na akishuka. Mama hakusema kitu, ndicho kilichoniogopesha.

Ijumaa, 28 Machi

Mzigo umefika. Nilifungua boksi pale pale dukani, kama mtoto aliyepewa zawadi. Cheni mpya, nyeusi, inanukia oili, na pingili zake chache zimepakwa rangi ya kuonyesha alama. Gia zenye meno manene. Reli safi. Tenshena hakuna.

Muuza spea akajitia hamnazo. "Ahaa, ile itakuja na gari lingine."

Nilimwambia maneno ambayo siyaandiki hapa.

Jumamosi, 29 Machi

Nimezipanga spea zote kitandani, upande wa mume wangu. Nimelala vizuri sana.

Jumanne, 1 Aprili

Leo haikunyamaza kabisa. Kelele ya cheni imewasindikiza kwenda na kurudi, na taa ya injini imewaka kwenye dashibodi. Wifi aliendesha kwa kubembeleza, hakuzima injini hata alipokuwa anamsubiri Mama, akihofu haitawaka tena. Alipofika nyumbani alivua glavu akazikamua. Jasho lilitiririka kama maji ya bomba. Kisha akazivaa tena haraka.

"Wifi," akaniambia, "fanya unachojua. Nitakusaidia."

Mama alipita akisaidiwa na fimbo. "Mwacheni huyo," akasema, akimtazama Ajuza. "Ananiaga kwa heshima."

Nikamwambia Mama haagwi mtu hapa. Sikuzoea kumjibu hivyo na yeye hakuzoea kujibiwa hivyo, tukaachana palepale uani kila mmoja akitazama upande wake.

Alhamisi, 3 Aprili

Tenshena imefika. Nimeibusu mbele ya wateja.

Ijumaa, 4 Aprili

Ajuza amekwenda na amerudi, sijui kwa dua ya nani. Tumemwingiza kibandani. Kuanzia sasa hadi Jumanne alfajiri ni wangu. Bosi amenipa ruhusa ya Jumatatu. Alisema ni kwa ajili ya mazishi.

Jumamosi, 5 Aprili

Nimeamka kabla ya jogoo wa jirani na nilikuwa nacheka peke yangu bafuni.

Tumetoa viti, tumemwaga maji, tumetoa rejeta, feni, belti. Nilitegemea wifi angekaa pembeni na tochi. Thubutu. Alikuja na trei za mayai, zile za karatasi, na kila bolti niliyotoa aliipangusa, akaiweka kwenye shimo lake, akaandika pembeni kwa kalamu bolti imetoka wapi. Kabla sijagusa kitu chochote ananiambia ngoja, anapiga picha. Nilimcheka.

"Wifi, tunatengeneza gari au tunapika keki?"

"Wewe fungua. Kesho utaniuliza bolti ipi ni ya wapi."

Puli ya krenki ilitusumbua. Ilikuwa imeshika kutu, na nati yake ilikataa kufunguka hata niliponing'inia kwenye spana. Nikachomeka bomba refu kwenye mpini wa spana, mimi nikasukuma, wifi akavuta, tukahesabu moja, mbili, na ghafla ikapiga tak! Sote wawili tukaanguka chali kwenye turubai. Tulilala pale tukicheka mpaka Mama akauliza dirishani kama tumelewa.

Kisha kava la mbele likatoka, na nikaiona. Nimeisubiri picha hiyo tangu msimu uanze. Cheni ilikuwa imelegea kama kamba ya kuanikia nguo. Meno ya gia yamechongoka. Reli ya upande mmoja ilikuwa imepasuka vipande, vingine vikaanguka kwenye turubai nilipoigusa tu. Ukutani mwa kava kulikuwa na mfereji ambao cheni imeuchimba kwa kupigapiga. Bado kidogo sana. Kama ingeruka jino moja jana, tungekuwa tunaongea habari nyingine leo. Nilikaa chini nikamshukuru Mungu, halafu nikamshukuru Ajuza.

Tulipokwenda kula, Mama alikuja kibandani na ufagio wake. Huyu mama hata akiwa hana nguvu ya kunyanyua kikombe atafagia. Anafagia kidogo, anaegemea, anafagia tena. Tukimkataza anasema mwenye kufa na afe mahali pasafi. Tukamwacha.

Jumapili, 6 Aprili

Asubuhi ilikuwa sikukuu, na jioni sitaki hata kuikumbuka, lakini nitaiandika.

Nimefunga gia mpya. Nimepachika reli. Nimeshusha cheni, pingili za rangi zikakaa sawasawa na alama za gia, juu na chini, kama kidole na pete. Nikafunga tenshena, nikachomoa pini yake, nayo ikaruka mbele na kuikaza cheni. Ule mlio mdogo, tik, ulinipanda mpaka kwenye utosi. Nikamwita Mama aje aone. Hakuja.

Ikabaki kuzungusha krenki kwa mkono mizunguko miwili, kuhakikisha hakuna kinachogongana. Wifi alizungusha mwenyewe, taratibu. Alipomaliza akatazama, akashika kichwa.

"Wifi, tumekosea. Zile rangi zimehama."

Kweli, pingili za rangi zilikuwa zimekwenda zake, hazikutazamana tena na alama yoyote. Moyo ulinipiga mara moja, halafu nikakumbuka. "Zinahama, zitahama tu. Zinarudi kukutana baada ya mizunguko mingi. Tazama alama za gia zenyewe." Akatazama. Zilikuwa wima, sawasawa. Akashusha pumzi akaniambia siku nyingine niwe namweleza mambo kabla, si baada ya presha kupanda.

Hapo nilikuwa tayari kufunga kava. Nilishashika mkononi silikoni, ile gundi ya kuziba kiungo cha kava. Wifi alikuwa amekaa kwenye ndoo, amepanga vipande vya ile reli ya zamani iliyopasuka, anaviunganisha kama sahani iliyovunjika.

"Kimepungua kimoja," akasema.

Katikati ya reli palikuwa na pengo la ukubwa wa kidole gumba. Tukatafuta kwenye turubai, chini ya gari, kwenye trei, mifukoni. Nikaenda jalalani na mvua, nikapekua majani kwa mikono. Tukamwuliza Mama.

"Mama, hukuona kipande cha plastiki cha injini wakati unafagia?"

"Nilifagia takataka. Kitu cha injini ningekijua."

Basi, kama hakiko nje, kiko ndani. Kimeshuka kwenye sampu, lile bakuli la oili chini ya injini. Na kuifungua sampu ya Ajuza si mchezo: kuna chuma kinachopita chini yake, lazima uitundike injini, utoe chuma, ndipo ufikie bolti. Ni kazi ya nusu siku, na mvua ilikuwa inapiga bati kama inatudai, na Jumanne alfajiri ilikuwa inakuja.

Nikasema kipande kama hicho kitakaa tu chini, hakina madhara. Wifi akasema tufungue. Nikasema hapana. Akasema tufungue. Hasira zikanipanda.

"Wifi, kazi yako ni kufuta usukani. Injini niachie mimi."

Hakupiga kelele. Alivua glavu zote mbili, mara ya kwanza mbele yangu tangu niolewe, akanionyesha mikono. Imebabuka, imechanika, ngozi ya viganja nyekundu kama ya kuungua. Alifua mashuka ya hospitali kwa dawa kali miaka yote ile, kaka yake, mume wangu, akiwa shule. Kwamba alifua nilikuwa najua. Mikono sikuwahi kuijua.

"Nimefanya kazi ambayo ukiacha doa moja, mtu anaumwa," akasema. "Sahani haijatimia, wifi. Sitamkalisha mama yangu juu ya sahani ambayo haijatimia."

Akaingia ndani. Mimi nikabaki na silikoni yangu, nikiwa nimekasirika kwa sababu alikuwa anasema kweli. Sikufunga kava. Kabla ya kulala nilimgongea mlango, nikamwambia samahani, na kesho tunafungua sampu. Akasema, "Lala. Utaamka umechoka, uniharibie gari."

Jumatatu, 7 Aprili

Naandika hata oili sijanawa.

Tulianza alfajiri. Injini tukaitundika kwa mnyororo kwenye boriti ya kibanda, tukaweka jeki, tukatoa chuma cha chini, tukafungua bolti za sampu. Aliyeifunga mara ya mwisho, fundi fulani wa zamani ambaye simjui na sitaki kumjua, alipaka silikoni kama anapiga lipu ukuta. Tukaibandua. Ikaachia, ikashuka.

Kipande hakikuwemo.

Nilitaka kulia. Nusu siku yetu, bure. Wifi akachutama, akamulika tochi juu, kwenye chujio ambalo injini hunyonyea oili. "Na hii," akauliza, "ndivyo inavyotakiwa kuwa?"

Nikatazama. Chujio lilikuwa limezibwa na mabonge ya silikoni, yale yaliyobanwa kuingia ndani siku fulani sampu ilipofungwa kwa fujo, yakang'oka, yakaelea, yakanasa, yakagandiana na masizi ya oili kuwa kitu kama utandu wa uji. Palipobaki wazi ni pembeni kidogo tu.

Ndiyo maana chuma kilisagana. Oili ilikuwa imejaa lakini haipandi. Ndiyo maana tenshena ya zamani ililegea na cheni ikapiga kuta. Wifi aliniuliza mwezi uliopita, kwa nini chuma kisagane kama oili ipo, nami nikamjibu uzee. Tungefunga kava jana, tenshena mpya ingekaa na kiu ile ile, na cheni mpya ingeanza kulegea njiani, kwenye kilima, Mama akiwa ameikalia.

Nilimkumbatia wifi yangu, na oili yangu yote, na tope langu lote, kwenye gauni lake safi. Alisimama wima kama nguzo. Halafu na yeye akanikumbatia.

Tukaliosha chujio kwa petroli mpaka nikaona mwanga kupitia kila tundu. Tukafunga sampu, tukafunga kava, kila bolti ikatoka kwenye shimo lake la yai na kurudi kwao bila kuuliza njia. Sikuuliza bolti ipi ni ya wapi hata mara moja. Trei za mayai zitahamia gereji, nitapambana na bosi.

Silikoni ikahitaji muda wa kushika kabla ya kutia oili, tukaingia jikoni kunywa chai. Kichwani bado nina kile kipande. Kama hakiko nje wala ndani, kiko wapi?

Wifi akamimina vikombe vitatu, akajaza mpaka ukingoni, kwa kuchoka tu. Meza ya jikoni inayumba tangu naolewa. Sote tunaibana kwa goti tukila, mgeni ndiye anayemwagikiwa. Mama akaegemeza kiwiko. Chai haikumwagika. Wifi akanitazama. Nikasukuma meza kwa kidole. Ikatulia kama imejengwa.

Tukainama sote wawili kwa pamoja. Chini ya mguu wa meza palikuwa na kipande cha plastiki ya kahawia, ukubwa wa kidole gumba, kimechomekwa barabara.

"Mama!"

"Nini sasa?" Akanywa chai yake. "Nilikiokota kibandani. Kigumu, kizuri, unene wake ndio huo huo niliokuwa nautafuta miaka yote. Mlisema mmepoteza kitu cha injini. Hiki ni cha meza."

Wifi alicheka mpaka akateleza kwenye kiti. Mimi nilicheka mpaka mbavu zikauma, kisha nikawa kama nalia, maana niliona jinsi ilivyokuwa. Angekiacha Mama kipande kile pale chini, sahani ingetimia, tungefunga, na chujio lingebaki limezibwa. Nikamweleza yote, kwa kupiga picha hewani. Akasikiliza mpaka mwisho.

"Kwa hiyo mlifungua kwa ajili yangu," akasema.

"Tulifungua kwa sababu yako, Mama. Na kwa ajili yako pia."

Akageuza kikombe mikononi. "Hata hivyo sikirudishi. Nyinyi mna injini yenu, mimi nina meza yangu."

Jua likiwa halijazama tulirudisha puli, rejeta, feni na viti, tukatia oili na maji. Nikatenganisha waya za plagi, wifi akazungusha kwa stata injini isiwake, mpaka taa ya presha ya oili ikazimika. Nikarudisha waya. Nikasema bismillahi. Akawasha.

Sijui niandikeje. Haikukohoa. Hakuna debe, hakuna misumari, ni mvumo tu, laini, kama mtu mzima anayekoroma kwa amani. Niliweka bisibisi, nikaweka sikio, nikasikia cheni inateleza ndani ya oili yake kama inavyostahili. Wifi alikuwa anapiga usukani kwa viganja vitupu. Nilimwambia ashuke kilima na apande tena. Akaenda, akarudi, akazima, akawasha, akazima, akawasha, mpaka nikamwambia betri nayo ni kiumbe.

Mama alikuwa amelala. Tumeamua hatumwamshi.

Jumanne, 8 Aprili

Bado mvua. Saa kumi na moja alfajiri tumemfunika Mama shuka, tumemshika mikono, tumempandisha kitini kwake. Hakumsalimu Ajuza. Alikaa kama mtu aliyeletwa kutoa salamu za rambirambi. Mimi nikaingia nyuma, kwenye godoro.

Tukakaa kidogo. Wifi alikuwa anafuta kioo kilichojaa mvuke.

"Tunangoja nini?" Mama akauliza. "Washa basi, tutachelewa."

"Limewaka, Mama," wifi akasema. "Liko moto tangu tunakuvalisha viatu."

Mama akageuza shingo, akateremsha kiganja chake pembeni ya kiti, akakigandamiza pale juu ya injini. Akakiacha hapo. Tukashuka kilima kwenye tope, tukapanda kingine, na wifi, ambaye huendesha kwa kubembeleza, leo aliendesha tu. Nilikuwa nahesabu moyoni kila mahali ambapo zamani lilikuwa likikohoa, na kila mahali palipita kimya. Nilitamani kuimba, nikaogopa kumharibia Mama usikivu wake.

Tulipoona taa za hospitali, Mama akajisogezasogeza kitini, uso umekunjamana.

"Hiki kiti kimebonyea," akasema. "Kuna waya unanichoma hapa ubavuni tangu mwaka juzi."

"Mbona hukusema, Mama?" nikamwuliza.

"Niseme kwa lipi? Niliona hatutafika mbali." Akajiweka vizuri. "Mtafuteni fundi wa viti. Asije akaniwekea sponji jepesi la kwisha upesi. Aweke zito."

Wifi akanitazama kwenye kioo, macho yamejaa.

"Na kitambaa, Mama?" nikasema. "Unataka rangi gani?"

Akafikiri, kwa makini, kama mtu anayechagua nguo ya kuvaa siku nyingi.

"Bluu iliyoiva," akasema. "Isiyoonyesha uchafu haraka, maana nitakikalia sana."

Nililia mpaka getini, na sikujifuta.